Bango la Gismonda halikuchorwa na bahati

Hadithi yenyewe ni tamu, ndiyo maana haiachi kusimuliwa. Ni siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1894, jijini Paris. Katika kiwanda cha uchapaji cha Lemercier amebaki mchoraji mmoja kutoka Moravia, Alphonse Mucha, akikagua nakala za majaribio kwa niaba ya rafiki yake aliyekwenda likizo. Simu inalia. Sarah Bernhardt, mwigizaji aliyetukuzwa kuliko wote Ufaransa, anataka bango jipya la tamthilia yake Gismonda, na analitaka mitaani ifikapo Mwaka Mpya. Meneja anatafuta mchoraji, hapati. Anamgeukia Mucha. Asubuhi ya Januari 1, 1895, bango liko ukutani na mchoraji asiyejulikana amekuwa gumzo la mji.

Kuipenda hadithi hii si kosa. Kosa ni kuimeza nzima nzima, kwa sababu inawapokonya watu wawili jasho lao: mchoraji aliyekwisha kujiandaa kwa miaka mingi, na mteja aliyejua anachonunua.

Mucha alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Ivančice. Aliingia Paris mwaka 1887 akilipiwa masomo na mfadhili, na mfadhili alipofunga mkoba miaka miwili baadaye, kijana akaanza kuishi kwa kalamu yake: picha za vitabu vya historia, picha za magazeti, chochote kilicholipa kodi ya chumba. Bernhardt naye hakuwa mgeni kwake. Mwaka 1890 Mucha alikwisha kumchora akiwa katika maleba ya Kleopatra, kwa ajili ya chapisho la mavazi ya jukwaani. Basi simu ile, kama kweli ililia hivyo, ilimkuta mtu anayejua vazi la jukwaani linavyokaa mwilini na anayeujua uso wa mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa waya.

Sasa litazamwe bango lenyewe. Lina urefu wa zaidi ya mita 2 na upana wa sentimita 74 tu, jembamba kama mlango wa kabati. Ndani yake anasimama Bernhardt akikaribia kimo cha mtu halisi, amevaa joho zito la mtindo wa Bizanti, maua kichwani, tawi la mtende mkononi. Ni tukio la mwisho wa tamthilia ya Victorien Sardou, ambamo Gismonda, mtawala wa Athens, anajiunga na maandamano ya Jumapili ya Matawi. Nyuma ya kichwa chake kuna upinde wa mozaiki, kama wa picha za watakatifu kanisani. Rangi zimepoa: dhahabu iliyofifia, kijani cha kijivu, zambarau nyepesi. Wakati huo kuta za Paris zilikuwa zimejaa wasichana wa mchoraji wa mabango Jules Chéret, wanaocheka na kurusha miguu katika nyekundu na njano. Mwanamke mmoja aliyenyamaza katikati ya kelele hizo alionekana kutoka mbali.

Na hilo lilihitaji ufundi wa chapa, maana picha ya namna hii haikuwa mchoro mmoja unaotundikwa sebuleni. Katika uchapaji wa mawe, mchoro hufanywa kwa wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa. Maji huukataa wino pasipochorwa, na kila rangi hudai jiwe lake. Jiwe likisogea kidogo tu, nyusi zinahamia shavuni. Anayeamini kwamba kazi hiyo ilikamilika ndani ya siku chache kwa kudra pekee hajawahi kusimama karibu na mashine ya kuchapia.

Bernhardt alizaliwa mwaka 1844. Alikuwa na miaka 50. Mwanamke wa bangoni hana umri. Wapo wanaoita huo uongo, na hapo hutajwa Henri de Toulouse-Lautrec, aliyemchora mwimbaji Yvette Guilbert mwaka huohuo wa 1894 kwa mistari mikali kiasi kwamba mwimbaji huyo alimwandikia barua akimsihi asimfanye mbaya hivyo. Kama mtazamaji wa watu, Lautrec ni bingwa, na Mucha hamfikii. Lakini tangazo la tamthilia lina kazi nyingine. Anayekata tiketi ya Gismonda haendi kuhesabu mikunjo ya Bernhardt. Anakwenda kumwona mtawala wa Athens. Mucha alichora nafasi aliyoigiza mama yule, na ndiyo bidhaa iliyokuwa ikiuzwa mlangoni.

Bernhardt alilitambua hilo upesi kuliko wahakiki. Aliagiza nakala 4,000 za bango hilo katika miaka ya 1895 na 1896, na akampa Mucha mkataba wa miaka sita. Hakumwambia achore bure ili ajulikane, kauli ambayo wachoraji wa leo wanaisikia hadi masikio yanawauma. Mkataba ulizaa mabango ya La Dame aux Camélias na Lorenzaccio mwaka 1896, La Samaritaine mwaka 1897, Médée na La Tosca, kisha Hamlet mwaka 1899. Katika mawili kati ya hayo Bernhardt anaonekana katika mavazi ya kiume, kwa kuwa Lorenzaccio na Hamlet aliwaigiza yeye mwenyewe. Umbo la bango halikubadilika sana: jembamba, mtu mmoja, jina la tamthilia juu na la ukumbi chini. Mama huyo alikuwa amepata nembo kabla ya wenye biashara kuifanya nembo kuwa somo la darasani, na aliilinda kwa kurudi kwa mchoraji yuleyule. Alipozuru Marekani mwaka 1896, mchoro wa Gismonda ulichapwa upya huko ukimtangulia.

Mucha alipewa pia kubuni mandhari, mavazi na vito vya jukwaani, na hapo picha ikaanza kuliamuru vazi. Katika bango la Médée la mwaka 1898, mwanamke aliyetoka kuua watoto wake amesimama na jambia lenye damu, macho yamemtoka, na mkononi mwake amejiviringisha nyoka wa bangili. Sonara Georges Fouquet aliitengeneza bangili hiyo mwaka 1899, kwa dhahabu na vito, kwa ajili ya Bernhardt.