Tamko la wazee wa ufuoni, Kisumu, kuhusu nafasi yetu katika kazi ya jamii

Sisi wanachama wa chama cha wazee wa ufuoni, tuliokutana Dunga leo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, tunatamka yafuatayo.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kushiriki kumetajwa kwanza. Matunzo yamewekwa mwisho. Huku kwetu ni kinyume. Tukiitwa kutoa maoni ya umma, mzee huombwa afungue kikao kwa sala, hupewa soda, kisha kipaza sauti humpita kana kwamba sala ndiyo yalikuwa maoni yake. Katika kikao kimoja, dani (nyanya, kwa Kijaluo) mmoja aliyeuza dagaa wa omena miaka arobaini aliinua mkono mpaka ukachoka.

Hatujaja kulilia pesa. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali, kwa waliotimiza miaka 70 tunazishukuru (ingawa Katiba hiyo hiyo inamhesabu mtu kuwa mzee akishapita 60, na hiyo miaka kumi ya katikati tutaisemea siku yake). Leo tunadai kazi.

Kazi yenyewe tumeshaianza. Chukua jambo la jaboya, mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Wanawake wa Nduru, Nyakach, walianza kumiliki mashua zao mwaka 2011 ili waepukane na sharti hilo, mpaka mafuriko ya 2020 yakawafukuza ufuoni. Mashua ni dawa nzuri, ila ni ghali. Binti aliyeshika karai tupu saa kumi na moja alfajiri, mashua za omena zikiingia na taa zao, anahitaji mtu wa kusimama naye papo hapo. Madani wetu husimama naye. Mmoja wao hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka mabegani, asiseme neno. Wavuvi wanamjua, wengine aliwapokea yeye walipozaliwa. Siku akiwepo, hakuna binti anayeitwa pembeni.

Kule Harare, tangu 2006, nyanya waliopewa mafunzo huketi kwenye mabenchi ya zahanati wakiwasikiliza wenye msongo wa mawazo, na kazi yao inahesabiwa kuwa tiba. Hapa Nyanza, Mama Sarah Obama wa Kogelo, aliyefariki Machi 2021 akiwa na miaka 99, alihangaikia mayatima hadi uzeeni. Wetu wanaambiwa wanapoteza wakati tu.

Kwa hiyo tunataka kila kamati ya BMU (kitengo cha usimamizi wa ufuo) itenge viti viwili vya wazee wenye kura, kimoja cha mwanamke. Zahanati za ufuoni ziwafunze madani hawa na kuwatambua rasmi. Nao walipwe nauli ya bodaboda, maana alfajiri hawawezi kutembea kutoka milimani.

Kikao kijacho ni Jumanne, saa nne asubuhi, kando ya banda la samaki. Viongozi wa BMU na wauguzi wamealikwa. Sala ya kufungua itaongozwa na kijana.