Mahali pa Kamera Katika Nyumba ya Pwani

Marehemu ami yangu alikuwa na kamera moja tu katika aushi yake, na kamera hiyo aliitunza kwa taadhima kubwa: kila alipokwisha kuitumia aliifuta kwa kitambaa cha melimeli, akaitia katika mkoba wake wa ngozi, akafunga vifungo viwili vya shaba, akaushusha mkoba chini kabisa ya sanduku la njumu, baina ya kanzu zilizofukizwa udi na joho la arusi yake, kisha akafunga sanduku kwa ufunguo ambao hakumwachia mtu. Sisi watoto tuliiona kamera ile mara mbili kwa mwaka, katika sikukuu mbili, tulipopangwa mstari barazani na kuambiwa tusipepese macho.

Alipofariki, na sanduku lile likakaa bila ya kufunguliwa mpaka masika mawili yakapita, tuliikuta kamera palepale alipoiacha, haina mkwaruzo wala kovu, ila ngozi ya mkoba ilikuwa imeota koga ya rangi ya majivu. Nilipoielekeza lenzi kwenye mwanga wa dirisha nikaona ndani ya kioo nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, zikigawanyika na kugawanyika tena mithili ya mizizi ya mche. Fundi aliifungua, akazifuta zote, akanipa kioo na kuniambia nikiinamishe kidogo mbele ya taa. Nyuzi zilikuwa zimeondoka, walakini njia zake zimebaki, zimechorwa juu ya kioo chenyewe, na hakuna dawa ya kuzifuta.

Nimeikumbuka kamera ile kwa sababu ya swali ambalo sahibu na jamaa huniuliza mara kwa mara: je, ninunue kamera, au simu yanitosha? Aulizaye hutarajia nimweleze ni kipi kati ya viwili hivyo kitoacho picha nzuri zaidi. Mimi kwanza humwuliza ataiweka wapi; na aghalabu hunyamaza, maana hilo hakulifikiria.

Koga, au kuvu kama waitavyo wengine, ni kiumbe hai, na mbegu zake hazionekani kwa macho. Zimo hewani katika kila nyumba, na hakuna lenzi ikaayo duniani bila ya kuzipokea. Zikipata hewa kavu hulala. Lakini unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, mahali pakawa na giza, na upepo usipite, huamka zikajilisha kwa vumbi, kwa mafuta ya vidole, na hata kwa grisi iliyomo ndani ya lenzi. Na katika kula kwake hutoa asidi, ambayo hushambulia utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kisirudishe mwanga ovyo, na muda ukizidi kuwa mrefu, hukila kioo chenyewe. Sasa na tuitazame hewa yetu. Tangu Machi hadi Mei, masika yakisimama, chumvi ndani ya kikopo huloa ikashikamana, ndiyo maana wapishi wetu huitilia punje za mchele. Milango ya mbao huvimba isifungike. Viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda huvaa koga. Nyumba za mawe na chokaa nazo, ambazo kuta zake hunywa maji ya mvua kisha zikayatoa polepole kwa muda mrefu, huufanya unyevu ubaki ndani hata baada ya mbingu kutakata. Kamera iliyomo ndani ya ngozi, ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe limeegemea ukuta wa jinsi hiyo, imewekwa hasa mahali ambapo koga ingalipachagua lau ingalipewa khiari.

Simlaumu ami yangu. Sisi watu wa pwani tumerithi ilimu kubwa ya kuhifadhi nguo, vito na hati, na katika ilimu hiyo kuhifadhi maana yake ni kufunga na kuficha: doti za kanga hukunjwa na kutiwa asumini, dhahabu hufungwa kitambaani, hati za shamba hulazwa chini ya vyote. Kamera ni kitu cha tabia nyingine kabisa. Uzima wake umo katika mwanga, katika upepo na katika mikono ya mtu, na lenzi inayotolewa kila wiki, ikakaa kando ya dirisha lililo wazi kwa kitambo, ikatumika, huwa haiipi koga wasaa wa kuota. Kuifungia kamera kwa ajili ya kuiogopea ndiko kuiangamiza, na ndipo ninapoona kwamba taksiri yetu haikutoka katika uzembe, ilitoka katika mapenzi.

Kwa hiyo, mwenye azma ya kununua kamera na aiandalie makazi yake kabla ya kwenda dukani. Gharama yake si kubwa. Atafute chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na mpira ukingoni, mfano wa vile watu wanavyohifadhia unga. Atie humo silika jeli, chembe zile mithili ya shanga zinazotiwa katika vipakiti ndani ya maboksi ya viatu, ila azinunue kwa wingi na za aina inayobadilika rangi. Na aweke pamoja nazo kipima unyevu kidogo, akitazame mpaka kisome baina ya asilimia 40 na 50. Kushuka mno chini ya hapo nako si kwema, kwani grisi na mipira ya ndani hukauka. Chembe za rangi ya chungwa zikishiba maji hugeuka kijani. Zikitiwa katika oveni kwa nyuzi 110 hivi za Selsiasi muda wa saa 2 au 3, hurejea rangi yake na kazi yake. Kuna wanaotumia mchele. Mchele hunyonya unyevu kidogo mno, kisha hutoa vumbi la wanga, ambalo ni riziki ya koga yenyewe. Betri itolewe ikiwa muda wa kutotumika ni mrefu. Mkoba wa ngozi, hata ukiwa na uzuri gani, usiingie katika chombo kile.

Yupo adui wa pili, naye ni baridi ya mashine. Aliyelala na kamera katika chumba chenye kiyoyozi akaitoa ghafula asubuhi katika fukuto la nje, huona lenzi ikifunikwa na maji papo hapo. Ndugu zetu walioko Maskati wanalijua jambo hili kuliko sisi, maana huko tofauti ya chumbani na nje wakati wa joto kali ni kubwa. Dawa yake ni kuifunga katika mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, ikae humo nusu saa mpaka izoee.

Mtu akisikia haya yote, akayaona ni mzigo, basi jibu lake amekwisha kulipata: simu yamtosha, na asione haya. Simu haihitaji chombo wala chembe. Mchana kutwa imo mkononi, usiku hulala kando ya mto, haikai gizani hata siku moja, na kwa kutumika huko hujihifadhi bila ya mwenyewe kujua. Mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 10. Wapo walioiona hesabu hiyo wakasikitika. Mimi siioni kuwa msiba, kwani wengi wa walionunua vikamera vile vya mfukoni walitaka picha ya mtoto akianza dede, ya wageni waliofika sikukuu, ya mwembe uliozaa kupita kiasi, na mambo hayo simu huyafanya vema, kwa kupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuzichanganya kuwa moja kabla ya mpigaji kuinua kidole.

Lakini nisifahamike visivyo. Ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, katika kamera kubwa ina milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ambacho kamera ya Leica ilikieneza tangu mwaka 1925, yaani karibu sentimita mraba 9. Katika simu, aghalabu haifiki hata sentimita mraba 1. Tofauti hiyo haionekani barazani saa nne ya asubuhi. Huonekana usiku wa arusi, taa zimepunguzwa, bibi arusi anashuka ngazi na kina mama wanacheza: simu inapojaribu kuchanganya picha zake kadhaa, mikono inayopunga huwa moshi, na nakshi za hina, ambazo mchoraji wake alizikalia mchana kutwa, hugeuka doa la rangi moja. Huonekana kadhalika Lamu, katika mashindano ya majahazi, ambapo aliyesimama ufukoni na simu huvuta, huvuta, mpaka tanga linakuwa kipande cha rangi kisicho kamba wala mshono, ilhali mwenye lenzi ndefu humpata nahodha na jasho lake. Mwenye kuyapenda hayo na anunue kamera, hata iliyokwisha tumika, ila kabla ya kulipa amulike lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma, atazame kama hazimo zile nyuzi.

Na picha zenyewe? Hapa simu inanitia khofu. Picha za aila nzima zimo ndani ya kitu kinachoweza kuporwa katika daladala, na zile tunazopelekeana kwa WhatsApp, mtu asipochagua vingine, hupunguzwa njiani zikapoteza mengi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaishika kazi baada yake. Nasi leo tunaweza kuzitazama nyuso za Unguja ya zamani kwa kuwa zilichapishwa, na wenyewe hawakuchoka kuzitunza. Ninawasihi wasomaji wachapishe picha hata kumi kwa mwaka, za watu kabla ya mandhari, na waandike majina nyuma kwa penseli.

Picha za ami yangu hazikuwamo katika sanduku la njumu. Shangazi alizitia katika kopo la biskuti juu ya kabati la sebuleni, na kila Idi lilishushwa, likapitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akitafuta uso wake na kubishana juu ya mwaka. Zimepauka pembeni, mbili zimechanika, na zote zinatazamika. Tumo ndani yake sote, mstari mmoja, tumekaza macho.

Kamera yangu mimi imo katika chombo cha plastiki kilichokaa sebuleni, mbali na ukuta wa nje, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri huitoa, nikaipeleka dirishani. Ijumaa iliyopita chembe za upande mmoja zilikuwa zimeanza kuingia ukijani. Nimezitenga katika sinia, zinangoja oveni kabla mvua haijaanza.