Beyi ya bunduki ya zamani: nani aipime?



Juzi mzee mmoja aliniita nyumbani kwake. Mpwa wake alikuwa ametoka kununua bunduki kuukuu kwa mtu mpita njia, imefichwa ndani ya mfuko wa makala. Waliilaza juu ya mkeka, wakafunga mlango. Mzee akaniuliza: «Mwanangu, weye uko mutu ya radio, unajuaka mambo mingi. Hii kitu ni ya Tshombe. Bazungu banaweza kuinunua beyi gani?»

Kwanza niliwaomba wasiishike tena, na mtutu usielekee upande wa watu. Hatukujua kama ndani kuna risasi. Kisha nikapiga magoti, nikasoma bila kugusa.

Bunduki ya jeshi husema yenyewe umri wake, ukijua mahali pa kutazama. Juu ya chuma, pale risasi inapoingilia, kulikuwa na maandishi yaliyokuwa karibu kufutika: Fabrique Nationale, Herstal. Hicho ni kiwanda cha Ubelgiji, karibu na Liège, kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150.000 za aina ya Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Chini, mbele ya kifyatulio, kisanduku cha risasi kilitokeza wima. Hicho huchukua risasi 5, za milimita 7,65. Mtutu wenyewe ulikuwa umevikwa bomba jingine la chuma. Hiyo ni Mauser ya mwaka 1889, na ni ya kuvuta kwa mkono kila unapopiga.

Hapo hadithi ya Tshombe ikaanza kuyumba. Tshombe alizaliwa mwaka 1919. Aina hii ya bunduki ilikuwapo miaka 30 kabla yake. Askari wa Force Publique walibeba Mauser kama hizi siku za wakoloni, jeshi lile lile lililoingia Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916. Kwetu kila chuma cha zamani huitwa cha Tshombe, kwa sababu vita ya 1961 ilipiganwa hapa jirani, Likasi ilipokuwa bado inaitwa Jadotville na askari wa Ireland wakazingirwa kuanzia tarehe 13 hadi 17 septemba. Inawezekana bunduki hii ilipita mikono ya wakati ule. Lakini chuma husema kilitengenezwa wapi, hakisemi nani alikibeba. Anayekuuzia hadithi bila karatasi anakuuzia maneno.

Je, beyi? Huko Ulaya wanaopenda vitu hivi hutazama kama namba zilizopigwa kwenye vyuma zinafanana, kama mti ni ule wa kwanza, kama ndani ya mtutu hamna kutu. Hii namba zake hazikufanana, na kitako kilikuwa kimefungwa kwa waya. Mpwa alitaka kuisugua kwa msasa ing'ae. Nikamwambia hapo angefuta hata maandishi yale machache yaliyobaki.

Hata hivyo, hesabu hiyo ya Ulaya haituhusu. Sheria yetu ya tarehe 3 septemba 1985 juu ya silaha na risasi haimruhusu raia kuweka silaha ya vita nyumbani. Soko lake hapa ni moja tu: mtu wa usiku.

Wengine watasema: «Achana nayo, hiyo ni chuma tu, haina risasi.» Wiki ile ile nilizungumza na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mitwaba. Nilimweleza kwamba bunduki nyingine zinazoonekana vijijini ni za miaka 100 na zaidi. Akanitazama, akasema: «Ile siku balifika kwetu, sikuuliza ilitengenezwa mwaka gani.» Alikimbia na watoto wawili na sufuria moja. Hajui hadi leo kama bunduki iliyomtoa nyumbani ilikuwa na risasi.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Bunduki hupimwa na yule anayesimama mbele ya mtutu.

Lakini mpwa naye aliuliza swali ambalo sikuweza kulicheka: «Na franga zangu, nani atanirudishia?» Alikuwa ameuza mbuzi watatu. Tukimjibu kwa vitisho tu, ataizika nyuma ya choo, na mwakani mwingine ataifukua.

Wazee wanakumbuka PAREC ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, miaka ya 2000 na kitu. Katanga hii hii watu walileta bunduki wakapewa kinga. Wengine walicheka: kinga moja kwa bunduki? Mimi naona ile ndiyo bei ya haki kuliko zote nilizosikia. Kinga inabeba samaki wa Tshangalele hadi sokoni Likasi. Inapeleka mgonjwa hospitali ya Misioni. Bunduki ile imebeba nini tangu iingie ndani ya mfuko wa makala?

Leo kuna P-DDRCS, programu iliyoundwa mwaka 2021, lakini hiyo inawatazama kwanza wapiganaji wa vikundi. Mkulima aliyekuta chuma ndani ya paa la marehemu babu yake hana mlango wa kubisha. Akienda peke yake anaogopa kuitwa mwasi.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa teritware ya Kambove mambo matatu. Siku moja ya kupokea silaha hadharani, mbele ya shefu, wachungaji na wajumbe wa familia zilizokimbia. Karatasi kwa kila anayeleta, na asisumbuliwe. Na kitu cha mkononi cha kufanyia kazi, hata kama ni kinga au nyavu. Zile za zamani sana, kama hii ya Herstal, zivunjwe zisipige tena, na moja au mbili ziwekwe kwenye makumbusho ya Lubumbashi, watoto wazisome bila kuziogopa.

Ninapoandika haya bunduki bado iko kwa mzee. Amekubali kwenda kumwona shefu, nami nimeahidi kumsindikiza. Mpwa bado hajakubali. Na wewe unayenisoma, kama unayo moja juu ya paa, usiisugue, usiivute, usiwaite watoto waione. Beyi yake umekwisha kuijua.