MBWA WA MANYOYA MENGI HANYOLEWI

Mwaka niliohamishwa kutoka Nyeri kwenda Kisumu, nilimchukua mbwa wangu Simba, naye ni mbwa mkubwa wa Kijerumani mwenye manyoya marefu na mazito. Joto la huko ziwani likamfanya atwete mchana kutwa, nami nikamwonea huruma. Nikatwaa mashine ya kunyolea, nikamnyoa mwili mzima, nikidhani nimemtendea hisani. Lo! Juma halijaisha, ngozi ya mgongo ilikuwa nyekundu kwa kuunguzwa na jua. Na manyoya yalipoota tena yaliota kwa mabaka, hata mwaka ukapita kabla hajarudi katika hali yake.

Jirani yangu, mzee aliyepata kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, alimtazama akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "umemnyang'anya mwavuli wake." Nikamwuliza, "Basi mzee, nifanyeje?" Haya ndiyo aliyonifundisha.

Mbwa wa namna hii ana manyoya ya aina mbili. Ya nje ni marefu na magumu, nayo huzuia jua na mvua. Ya ndani ni mafupi, laini kama sufi. Tena mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, bali hujipoza hasa kwa kutweta. Kinachomzidishia joto ni manyoya ya ndani yaliyokufa na kusokotana, yasiyopitisha hewa. Hayo ndiyo ya kuondolewa, tena kwa kitana, si kwa mashine.

Kwanza, mchane kabla ya kumwosha, maana fundo likilowa hukaza zaidi. Inua manyoya kwa mkono mmoja, uchane kidogo kidogo toka ngozini mpaka nchani. Achanaye juu juu humpendeza mpita njia tu, na mafundo hubaki chini. Tazama sana nyuma ya masikio, makwapani na mapajani. Fundo lisilofunguka kwa vidole, pitisha kitana kati yake na ngozi, kisha ukate juu ya kitana kwa mkasi wenye ncha butu. Kwa maana ngozi huvutwa ndani ya fundo, na asiyeangalia huikata.

Pili, kazi ya mkasi ni ndogo: punguza manyoya yaliyozidi chini ya nyayo na chini ya mkia, basi.

Tatu, mwoshe kwa sabuni ya mbwa, uisuuze yote, na umkaushe mpaka ngozini, kwa kuwa unyevu ukikaa huleta vidonda.

Jambo kubwa zaidi ni kupe, ambao hujificha humo na kuambukiza homa ziwezazo kumwua mbwa. Mshike kupe kwa kibanio karibu na ngozi, umvute polepole pasipo kumponda. Dawa ya josho la ng'ombe usimpake mbwa ila kwa agizo la daktari wa mifugo.

Siku hizi humchana Simba kila Jumamosi jioni, kazi ya nusu saa. Joto la Kisumu ni lile lile, lakini yeye hulala kivulini karibu na maji yake, ametulia. Msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta: fungua fundo dogo leo, nawe hutaitafuta mashine kesho.