Hifadhi ya Pwani Inaamuliwa kwenye Kamati ya Mikopo

Wafanyakazi wa benki wamevaa fulana za kampuni, wamezama matopeni hadi magotini, kila mmoja kashika mche wa mkoko. Picha ya namna hiyo ikitoka gazetini, wengi huridhika kwamba benki imetimiza wajibu wake kwa misitu na pwani. Imani hiyo ni potofu, tena ina madhara. Inaifanya hifadhi kuwa sadaka inayotolewa faida ikibaki, ilhali uamuzi unaouponya au kuuangamiza msitu hupitishwa pale mikopo inapoidhinishwa.

Lamu ni ushahidi tosha. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko. Ulipopangwa kujengwa Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wakazi waliupinga kwa miaka, na Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikatamka kwamba haina mpango wa kuufadhili. Mwaka 2020 benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Sifa ya kwanza ni ya Walamu waliokwenda kudai haki yao, lakini mkopo uliokataliwa umeilinda mikoko kuliko miche ya sherehe.

Mabenki hujitetea kwamba msitu hauwekwi rehani. Ni kweli, msitu wa kijiji au wa serikali haupigwi mnada. Lakini mkopo hulipwa kwa mapato, na mapato yapo.

Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukitunza hekta 117 tangu 2013 na kuuza hewa ukaa. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Wanakijiji wamepanda pia mivinje ili kuni na nguzo za kujengea zisitoke kwenye mikoko. Mvinje huchukua miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Mkulima akipewa mkopo unaodai marejesho kuanzia mwezi wa kwanza, atazipata wapi hizo fedha? Atarudi na shoka kukata boriti za mikoko, na benki itakuwa imechangia uharibifu kwa ratiba yake tu. Mkopo wa miti lazima usubiri mavuno, kama vile mkopo wa mwani unavyopaswa kufuata bamvua na msimu wa mwani wenyewe.

Wala isidaiwe kwamba fedha hakuna. Mwaka 2023 benki ya CRDB ya Tanzania ilitafuta shilingi bilioni 40 kwa hatifungani yake ya kijani, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga ikauza hatifungani ya kijani ya bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Maji ya Tanga hutoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kujaza bwawa la Mabayani. Misitu hiyo ikifyekwa, tope litaingia bwawani, gharama ya kusafisha maji itapanda, na mapato yanayolipa deni yatapungua. Mwenye hatifungani aliyeko Dar es Salaam ana maslahi Amani, hata kama hajawahi kufika.

Benki Kuu ya Kenya mwaka 2021, na ile ya Tanzania mwaka 2022, zilitoa miongozo inayozitaka benki kupima hatari za mabadiliko ya tabianchi. Hatua inayofuata ni kuzilazimisha kutangaza kila mwaka, kaunti kwa kaunti na wilaya kwa wilaya, zimewakopesha kiasi gani wanaokata mikoko kujenga hoteli na mashamba ya chumvi, na kiasi gani wafugaji nyuki, wakulima wa mwani na vikundi vya usimamizi wa fukwe. Wenye akiba Mombasa, Kilwa na Unguja wana haki ya kuyaona mahesabu hayo, kwa kuwa fedha zinazokopeshwa ni zao.