MPIMAJI AINGIE, LAKINI APITE MLANGONI



Maneno yamekuwa mengi juu ya wapima ardhi. Wengine wanauliza: "Anayepimiwa ni jirani, mbona wanakanyaga shamba langu?" Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu hapa ukutani.

Mpaka una wenyewe wawili. Mpimaji akisimama upande mmoja tu hawezi kuujua. Pengine bikoni ya kuanzia imo ndani ya migomba ya jirani. Pengine lazima afuate mstari wa minyaa huku na huku. Ndiyo maana Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inamruhusu kuingia katika ardhi ya watu kwa kazi hiyo. Kumfukuza kwa panga si ushujaa, ni kujitafutia kesi. Na kung'oa bikoni usiku ni kosa la jinai.

Lakini ruhusa ya kuingia siyo ruhusa ya kufanya apendavyo. Nyayo za mpimaji hazimpi jirani hata hatua moja ya shamba lako. Sisi tunasema hivi:

1. Mpimaji aanzie ofisi ya kijiji, ajulikane, ataje siku. Mwenye shamba aambiwe mapema, siyo kushtukia watu wamo kwenye kahawa.

2. Majirani wote wawili wawepo mpakani, pamoja na wazee. Huku Ngara na Biharamulo wengi walihamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na mipaka mingi imo vichwani mwa wazee, haimo kwenye ramani. Mama mjane aitwe mwenyewe, asisemewe na shemeji.

3. Mti usikatwe kabla mwenyewe hajaelezwa na fidia kukubaliwa. Mbuni huchukua miaka mitatu au zaidi kuzaa. Panga linaumaliza mara moja.

Asiyeridhika aende Baraza la Ardhi la Kijiji. Tumewekewa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Kilabuni hakuna suluhu.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua uzito wa karatasi. Usitie dole gumba kabla hujasomewa yote. Hati ya Hakimiliki ya Kimila itaishi kuliko sisi. Bikoni ikikaa pabaya leo, watakaogombana ni watoto wetu.

Katibu wa Tawi