Kiingereza cha BBC na Alama Zangu

Nilipotea kidogo, mazoezi ya kufundisha yamenibana kweli. Leo nina dukuduku, acheni nilitoe.

Juzi nafundisha Form Two, mkaguzi kakaa nyuma na fomu yake. Katikati ya kipindi akanikatisha mbele ya watoto: matamshi yangu eti siyo ya Kiingereza. Nikamuuliza, ya Kiingereza cha nani, mwalimu? "Cha BBC, kijana." Darasa zima kicheko. Alama zikaondoka.

Haya, tuongee. Lafudhi hiyo wataalamu wanaiita RP. Daniel Jones alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, alifuata usemaji wa familia za kusini mwa England ambazo wanaume wao walisoma shule za bweni za wenye nazo. Miaka ya 1970 Peter Trudgill alikadiria wanaoiongea ni kama asilimia 3 tu ya Waingereza. Asilimia 3! Hao ndio tunaotakiwa kuwaiga.

Mimi mgeni nikiisikia, nasikia Kiingereza safi, basi. Mwingereza anasikia zaidi: umesoma wapi, baba yako ana hela kiasi gani. Howard Giles alifanya utafiti huo miaka ya 1970: msemaji mmoja anabadilisha lafudhi, wasikilizaji wanatoa alama. RP ilipata nyingi kwenye akili na uwezo. Kwenye utu na ucheshi, lafudhi za mikoani zikaipita. Yaani kwao huyo ni msomi, ila kwenye kijiwe hawamtaki.

Na hiyo BBC yenyewe? Mwaka 1941 ilimpa Wilfred Pickles wa Yorkshire asome habari, watu wakalalamika. Leo watangazaji wake wanatoka Scotland, Wales, kila kona, na lafudhi zao. Sisi bado tunalinda lindo ambalo mwenyewe kashaliacha.

Sikatai, kueleweka ni lazima. Kama "bird" na "bed" kwangu zinafanana, nitarekebisha, mtoto asichanganyikiwe. Lakini kueleweka ni kitu kimoja, kuigiza mtoto wa tajiri wa Kiingereza ni kingine.

Alama nitazifidia. Kinachoniuma ni binti mmoja wa dawati la mbele, kila siku ndiye wa kwanza kunyoosha kidole. Kesho yake niliuliza maswali manne. Hakunyoosha hata mara moja.

Mnaobisha, karibuni. Lugha yoyote, lafudhi yoyote.